Namibia meli zinalala mu mchanga miaka na miaka, mbona hakuna mutu anaziondoa?

#1 Shofere_Kasumba (Lubumbashi)
Jambo yenu wote. Mi ni shofere wa kamyo, njia yangu ni Lubumbashi – Walvis Bay, tunashusha shaba tunapandisha samaki ya frigo. Safari ya mwisho mzigo ulichelewa ku bandari siku nne, tukasema na mwenzangu badala ya kulala tu mu kabine tutembee kidogo. Kukakuwa kijana mmoja na pikapu yake, akatupitisha Swakopmund kisha tukapandisha njia ya Henties Bay, kushoto bahari, kuume mchanga, hata muti moja hakuna. Mbele ya kufika Henties Bay njo tukaona meli. Si ku bandari hapana, imesimama tu pale mu mawimbi karibu na ukingo, kutu tupu, ndege beusi bamejaa juu yake sawa abiria banangoja kushuka. Nikauliza hii ajali ni ya leo asubuhi? Kijana akacheka, akasema iko pale tangu 2008, jina yake Zeila. Akasema pwani yote ile kwenda mpaka wa Angola banaita Skeleton Coast, pwani ya mifupa, na meli zilizofia pale ni mamia.

Sasa mi niko na maswali mbili. Kwa nini pale? Bahari ni kubwa, meli ikose fasi ingine ya kufia? Na ya pili, kwa nini banaacha? Huku kwetu kamyo ikilala barabarani usiku moja bila mulinzi asubuhi unakuta shasi tu.

#2 Katuba_Wetu (Lubumbashi)
Hahaha ungetuita sisi watu wa mitraye, chuma chakavu, yaya. Wiki moja, na hata wale ndege tungewapima kilo.

#3 Mwalimu_Nguba (Bukavu)
Swali zuri Shofere. Kando ya pwani ile kunapita mkondo unaoitwa Benguela, maji baridi sana yanayotoka kusini yakipanda kaskazini. Hewa yenye unyevu ikipita juu ya maji baridi inageuka ukungu. Sasa chukua nahodha wa mwaka 1900, hana rada, anahesabu tu: nimetembea saa kadhaa kwa mwendo huu, basi niko hapa. Mkondo unamsukuma bila yeye kujua, ukungu umemfunika, na nchi yenyewe ni mchanga wa rangi moja, hakuna taa hakuna kijiji. Akija kusikia mawimbi yanavunjika ameshachelewa. Meli ya Wajerumani, Eduard Bohlen, ndivyo ilivyokwama tarehe 5 Septemba 1909. Na maji hayo hayo baridi yanapandisha chakula kutoka chini, ndiyo sababu samaki wamejaa kule. Samaki mpiodi unaowaletea watu wa Lubumbashi na ukungu unaopoteza meli ni watoto wa mama mmoja.

#4 Kijana_Birere (Goma)
Mwalimu umesema bien ila umesahau almasi. Pwani yote ile iko na almasi chini, dira za meli zinachanganyikiwa, njo maana meli zinaenda zenyewe kwa ukingo. Nilionaka video.

#5 Fundi_Likasi
Mdogo wangu, almasi ni kaboni sawa makala ya mama yako, haivute dira hata kidogo. Nimefanya kazi na majiwe miaka 11, kinachovuta dira ni chuma. Ukisema chuma ya meli yenyewe tutaelewana, meli za chuma zilikuwa zinadanganya dira zao mpaka zisahihishwe. Hiyo video iache.

#6 Kijana_Birere
Sawa fundi sikatae. Lakini hazina iko, hiyo mutanipa. 2008 walivumbua meli imejaa dhahabu pale pale Skeleton Coast.

#7 Mwalimu_Nguba
Nusu umepata. Meli ni ya kweli, mahali si pale. Ilipatikana Oranjemund, kusini kabisa kwenye mto Orange unaopakana na Afrika Kusini, na aliyoiona Shofere iko kaskazini ya Swakopmund, katikati ni mamia ya kilomita. Wachimba almasi walikuwa wamezuia bahari kwa ukuta wa mchanga ili wachimbe chini yake, wakakuta vipande vya shaba na meno ya tembo. Inaaminika ni Bom Jesus ya Wareno, iliondoka Lisbon 1533 kwenda India na haikufika. Sarafu za dhahabu zilikuwa zaidi ya 2,000. Na mimi nijisahihishe kabla hamjanirukia: ile Eduard Bohlen niliyotaja #3 iko Conception Bay, kusini ya Walvis Bay. Watu wanapenda kuyatia yote kapu moja.

#8 Katuba_Wetu
Ngoja ngoja. SHABA? 1533? Walishaanza kutuiba tangu ile siku?

#9 Fundi_Likasi
Tulia Katuba. Ile shaba ilitoka Ulaya, iko na muhuri wa Fugger, tajiri wa Augsburg, alama ya mkuki wa meno matatu. Tani karibu ishirini. Wareno walikuwa wanaipeleka India kununua pilipili na viungo. Yetu ile wakati iko hapa hapa mu Katanga, wazee wanayeyusha misalaba ya shaba, banalipa nayo mahari na kuzika nayo wafu, hawakumungoja Mureno.

Kitu kitamu ni hiki: shaba ni sumu kwa wadudu wa bahari wenye kula mbao na mifupa. Kwa hiyo uzito wa ile shaba ulikandamiza vitu chini na sumu yake ikavilinda karibu miaka 500. Meno ya tembo zaidi ya mia moja. Wataalamu walipima DNA mu 2020 wakasema ni tembo wa msitu wa Afrika Magharibi, wa makundi 17, na kati ya hayo 17 wamepata manne tu ambayo yako hai mpaka leo. Mimi ile namba ya 4 ilinipita mu kichwa kuliko dhahabu.

#10 Kijana_Birere
Na dhahabu ilienda wapi 😅

#11 Fundi_Likasi
Kwa serikali ya Namibia. Wewe unauliza kama vile utaenda kuichukua na moto (pikipiki).

#12 MamaBilo_Goma
Jambo kwenu. Mimi nasomaka tu siandikake, ila leo niandike. Munazungumzia ajali za meli kama adisi ya jioni, sawa, ni za zamani na ni za mbali. Mimi nafanyaka biashara ya maharagi na makala Minova – Goma. Tarehe 3 Oktoba 2024 nilikuwa Kituku, bandari ya Goma, nangoja mifuko yangu munane. Barabara ya Sake ilifungwa na vita, kila mutu, kila mufuko, kila kuku ilipita mu maji ya ziwa Kivu. Boti ikatoka Minova, tukaiona, tukaanza kusogea juu iko inafika. Ilikuwa karibu kabisa, ungeita mutu kwa jina angeitika. Ikalala upande moja, ikarudi, ikalala tena, ikaenda. Gavana wa Sud-Kivu alisema bantu walikuwa 278, boti inasemwa ni ya 80. Jirani yangu alikuwa ndani na mtoto wa mgongo.

Sasa Shofere anasema kule meli inabaki miaka kumi na zaidi inaonekana, bantu banapiga foto. Ukiyenda Kituku leo unaona maji na wamama wanaosha samaki za sambaza. Mimi hata ubao moja sina ya kuonyesha mtoto aliyebaki niseme ni hapa.

#13 Shofere_Kasumba
Pole sana mama. Nilianzisha hii mada juu ya kutu na mitraye sikufikiri itafika pale.

#14 Katuba_Wetu
Pole mama. Mizaha naifunga kidogo.

#15 Kijana_Birere
Pole mama Bilo, mi pia nilikuwa Kituku ile siku, tulivuta bantu mpaka usiku. Lakini munajua kwetu pale wazee wanasema nini? Gazi. Ziwa linapumua, mazuku, ile hewa mbaya yenye kuua, inatoka chini, maji inakuwa nyepesi, boti inapoteza nguvu. Na tena Kituku iko karibu na fasi lava ya volkano Nyiragongo ya 2002 iliingia mu ziwa.

#16 Mwalimu_Nguba
Ndugu, hapa tuwe waangalifu, mambo mawili yanachanganywa. Gazi ya Kivu, kaboni dioksidi na metani, iko chini sana, mamia ya mita, imefungwa na uzito wa maji na imeyeyuka kama gazi ya soda ambayo haijafunguliwa. Ziwa lina kina karibu mita 480. Haitoi mapovu ya kuzamisha boti kandokando ya Kituku. Likifunguka kweli, kama Nyos kule Kameruni 1986 ambapo watu karibu 1,700 walikufa usiku mmoja, hatutabishana juu ya boti moja. Lava ya Januari 2002 iliingia ziwani na halikufunguka. Mazuku nayo ni ya kwenye mashimo ya nchi kavu na vighuba, inaua mbuzi, watoto, na wanaoogelea wakivuta pumzi karibu na maji. Boti haivuti pumzi.

#17 MamaBilo_Goma
Aksanti mwalimu. Gazi haikutoza mutu nauli.

#18 Konvwayere_Idjwi
Mama nakuheshimu, ila niseme upande wa sisi wa boti, maana kila ajali ni sisi. Miaka tisa niko mu boti, Idjwi, Kalehe, Minova, Goma, Bukavu. Uzito ni kweli, sikatae, mwenye boti anasema ongeza na wewe ukisema hapana kesho mwingine amechukua nafasi yako. Lakini muniambie kwa nini boti ile ile na uzito ule ule ivuke mawimbi katikati ya ziwa masaa mengi halafu ianguke mita mia mbele ya bandari? Ni kwa sababu katikati watu wamekaa, wanasali. Wakiona nchi kavu WOTE wanasimama, wote upande moja, kila mutu anatafuta kushuka wa kwanza, mifuko yako juu, watu wako juu ya mifuko, uzito wote unapanda. Tunalia KAENI CHINI hawasikie. Halafu ukingo wa Goma si kama wa Minova wa mchanga, ni jiwe nyeusi ya lava, kali kama kisu, ukiona hatari huwezi kusema nipandishe boti pembeni kidogo, utapasua. Kuna mlango mdogo tu wa kuingilia na boti kumi zinagombania. Na upepo wa saa nane saa tisa mu kiangazi unatoka kusini unakusukuma mgongoni kwa lile jiwe.

#19 Fundi_Likasi
Konvwayere umeeleza kuliko injinia. Inamaanisha kitu kikiwa kizito juu kuliko chini, kinatafuta kisingizio tu cha kuanguka.

#20 MamaBilo_Goma
Konvwayere, yote ulisema ni kweli na nimeiona. Lakini hesabu vizuri. Wakiwa 80 wote wasimame upande moja, boti inalala? Umesema wewe mwenyewe uzito hukatae. Na barabara ingekuwa wazi wale 200 wasingekuwa mule. Mimi nasema ni vita ilizamisha ile boti, ukitaka andika hivyo.

#21 Konvwayere_Idjwi
Siwezi kukupinga mama. Ila Aprili 2019 karibu na Kalehe vita haikufunga barabara ya Goma na watu karibu 150 walipotea. Rais alikuja mwenyewe, ikasemwa jile ya kuelea mu maji ni lazima kwa kila abiria. Jile zikapatikana miezi michache. Kisha zikawa za kukalia.

#22 Ndugu_wa_Kalemie
Samahani kupita njia ya pembeni. Munaongea meli kuachwa, kwetu Tanganyika kuko meli ilizama na ikafufuka. Liemba. Waingereza waliizamisha wakati wa vita ya kwanza, kisha wakaivuta tena, na imebeba watu miaka yote ile mpaka babu yangu alipanda.

#23 Mwalimu_Nguba
Mzee wa Kalemie, hadithi ni nzuri lakini mwuaji si huyo. Wajerumani waliizamisha WENYEWE, tarehe 26 Julai 1916, wakati wanaikimbia Kigoma. Ilikuwa inaitwa Graf von Goetzen, iliundwa Papenburg, ikaletwa vipande vipande kwenye masanduku mpaka Dar es Salaam kisha treni. Mafundi walioiunda ndio walioambiwa waizamishe, nao wakapaka mashine mafuta mazito kwanza, wakijua siku moja mtu ataitaka. Wabelgiji waliinyanyua ikawazamia tena. Waingereza wakaipandisha 1924, 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba.

#24 Ndugu_wa_Kalemie
Aksanti kwa marekebisho mwalimu. Babu alikuwa anasema Waingereza, basi nitaenda kumweleza kaburini.

#25 Katuba_Wetu
Na musisahau boti za Waingereza za kuwapiga wale Wajerumani zilipita HAPA Lubumbashi, mizaha imerudi samahani. Mimi na Toutou, njo majina yao. 1915. Treni mpaka Fungurume, kisha zikakokotwa na matrakta ya mvuke na ng'ombe juu ya milima ya Mitumba, boti mu pori juu ya magurudumu, wazee wetu wanakata miti mbele. Treni tena, kisha mto, kisha treni, mpaka Kalemie. Februari 1916 ile boti Mimi, pamoja na Fifi, boti waliyowanyang'anya Wajerumani, zikazamisha meli ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann. Sisi wa Lushi hatuna ziwa wala bahari lakini bila sisi hakuna ajali.

#26 Kijana_Birere
Hahaha bila nyie hakuna ajali, andika ku mlango wa mji.

#27 Shofere_Kasumba
Jamani swali yangu ya pili bado. Kwa nini hawaondoe ile chuma?

#28 Dada_Ibanda (Bukavu)
Shofere nimefanya kazi ya mizigo Durban miaka sita, nijibu kidogo. Ile Zeila yako ilikuwa imeshauzwa kama chuma chakavu! Ilikuwa meli ya kuvua samaki, wanaivuta kwenda India ikavunjwevunjwe, kamba ikakatika, Agosti 2008, bahari ikaileta hapo. Kuitoa inabidi ulete meli nyingine yenye nguvu karibu na mawimbi yale yale yaliyoshinda ya kwanza. Gharama inapita bei ya chuma mara nyingi. Na ukienda kaskazini zaidi hakuna barabara hakuna maji.

Kuna kisa cha 1942, Dunedin Star, meli ya Uingereza, watu 106 ndani na silaha, Novemba 29 ikagonga kitu kule kaskazini karibu na Angola, nahodha akaipeleka ukingoni makusudi isizame. 63 wakafika mchangani kisha boti yao ndogo ikavunjika. Ikatumwa meli ya kuvuta, nayo ikakwama, watu wawili wa meli hiyo wakafa. Ikatumwa ndege kuwashushia maji, rubani akaona atue awachukue, ndege ikazama mu mchanga. Wakaja kuichimbua, ikaruka, ikaanguka baharini, bahati wa ndani wakapona. Ikatumwa kamyo toka Windhoek, nazo zikachimbwa mu mchanga kila kilomita. Karibu mwezi mzima. Abiria wote walitoka hai, wenye kufa ni waokoaji. Sasa nani akaondoe chuma pale?

#29 Shofere_Kasumba
Kamyo kuchimbwa mu mchanga naijua, wale ni ndugu zangu. Aksanti dada.

#30 Fundi_Likasi
Nami nina swali. Picha ya ile Eduard Bohlen inaionyesha katikati ya jangwa, bahari iko mbali. Ilipandaje?

#31 Dada_Ibanda
Haikupanda. Ilikwama majini, mchanga ukaja nyuma yake. Karibu mita 400 sasa. Upepo na mkondo vinamwaga mchanga, ukingo unasogea kwenda baharini.

#32 Katuba_Wetu
Kule kwa wajomba zangu wanasema bahari ndiyo ilirudi nyuma kwa kuona aibu.

#33 Fundi_Likasi
Hao wajomba wako wamewahi kuona bahari?

#34 Katuba_Wetu
Ku kalenda.

#35 Kijana_Birere
Na jina? Mifupa ya nani? Mi nasema ya mabaharia. Unafika mchangani hai, unatembea, hakuna maji, unakauka.

#36 Mwalimu_Nguba
Wengine wanasema ya nyangumi, maana wawindaji wa nyangumi waliacha mifupa mingi sana kwenye ukingo ule. Wengine wanasema mbavu za meli zenyewe, ukiziona kwa mbali ni mbavu kweli. Jina lenyewe lilienea baada ya kitabu cha 1944 kuhusu hiyo Dunedin Star. Mabaharia nao walikuwepo, siwezi kukunyima.

#37 Dada_Ibanda
Mimi nasikia nyangumi, Durban walisema nyangumi.

#38 Konvwayere_Idjwi
Ikiwa ni mbavu za meli basi na sisi tuna pwani ya mifupa, tofauti yetu ziko chini.

#39 MamaBilo_Goma
Mwalimu, hapo njo niulize. Boti ikiisha kuzama kabisa mu Kivu, mbali na ukingo, inaoza? Ao inakaa?

#40 Mwalimu_Nguba
Mama, kwenye Kivu hewa ya oksijeni inaishia juu juu, mita hamsini sitini hivi, kiangazi upepo ukikoroga sana. Chini ya hapo hakuna, samaki haendi, mdudu wa kutafuna mbao haishi. Kinachofika kule kinaoza polepole mno. Ubao unaweza kukaa mbao miaka mingi sana.

#41 MamaBilo_Goma
Kwa hiyo ile ya Kalehe ikiwa ilifika chini iko vile vile.

#42 Mwalimu_Nguba
Inawezekana ndiyo, mama.

#43 MamaBilo_Goma
Sijue kama nimefurahi kujua.

#44 Shofere_Kasumba
Mama Bilo, napakia Jumatatu. Mungu akipenda siku kumi na mbili niko Walvis Bay. Nitamwambia yule kijana anipeleke tena pale.

#45 MamaBilo_Goma
Ukifika usipige foto kwanza. Shuka, vua kofia, kisha upige.

#46 Shofere_Kasumba
Ndiyo mama.

#47 Katuba_Wetu
Na urudi na kartoni moja ya mpiodi ya hapa Katuba, bei imepanda wiki hii watu wanalia.